Sindano ya Fundi Salama

Ukimwuliza hali, atakujibu salama. Mvua inyeshe, jua liwake, kidole kikatwe na mashine ya kukatia vigae, jibu ni lilelile: salama tu. Ndiyo maana wenzake kazini walimbandika jina la Fundi Salama, na yeye akalipokea kama cheo. Siku mama yake alipofariki, alimpigia simu dada yake, wakasalimiana vizuri, kisha akasema, "Salama kabisa, ila mama ametutoka." Msimcheke. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Salama inatangulia, msiba unakuja nyuma yake.

Kazi yake ni kuweka vigae. Miaka nenda miaka rudi amepiga magoti kwenye sakafu za watu, mgongo umekunjwa, akigonga kigae kwa nyundo ya mpira na kutega sikio asikie kama chini kuna uwazi. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye tako, yakapita nyuma ya paja mpaka kidole gumba cha mguu wa kulia. Akayaficha. Ikafika mahali anafunga mlango ili avae soksi. Mkewe aligundua siku alipomkuta bafuni amepiga magoti, hawezi kuinuka, maji ya bomba yanamwagika tu.

"Baba watoto, una nini?"

"Salama tu. Naangalia vigae."

"Vigae ulivyoviweka mwenyewe? Vimekimbia?"

Mkewe alifunga bomba, akamshika kwapani, akamwinua. Kesho yake wakawa hospitali.

Vipimo vilionyesha kwamba mshipa mmoja wa fahamu umebanwa pale unapotokea kwenye uti wa mgongo. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtu asiyepindisha maneno. Alieleza kwamba atapitisha sindano ndefu mpaka karibu na mshipa ule, akiongozwa na mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo, kisha amwage dawa ya kupunguza uvimbe.

"Sitakulaza usingizi, baba," alisema. "Nakuhitaji ukiwa macho. Picha inanionyesha mifupa na sindano yangu. Mshipa wenyewe siuoni. Nikiugusa, utasikia kama umepigwa shoti ya umeme mguuni. Hapohapo uniambie. Usijikaze. Ukinyamaza, nikasukuma dawa ndani ya mshipa, naweza kuuharibu."

"Nimekuelewa, daktari."

Alichokielewa ni neno la mwisho tu, kuharibu. Lilimganda kichwani, kwa sababu fundi bomba wanayefanya naye kazi alishamsimulia habari za shemeji yake aliyechomwa sindano ya mgongo akatoka anaburuta mguu. Fundi bomba hutia chumvi nyingi, kila mtu anajua. Lakini mtu mwenye hofu hachagui wa kumwamini. Fundi Salama alijiona amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, fimbo mkononi, akiwaelekeza wengine wapange vigae. Fundi wa vigae asiyeweza kupiga magoti si fundi tena, ni mtazamaji.

Siku yenyewe ilipofika, waliketi kwenye benchi nje ya chumba cha sindano. Mate yalimkauka. Viganja vilitoka jasho, akavifuta kwenye suruali, vikaloa tena.

"Unaogopa?" mkewe akauliza.

"Salama tu."

"Sijakuuliza hali. Nimekuuliza kama unaogopa."

Alitazama mwisho wa korido. Alikuwa akipiga hesabu ya kusingizia haja, atokee mlango wa nyuma na kupotelea mjini. Muuguzi akamwita kabla hajaimaliza.

Ndani kulikuwa na baridi. Walimlaza kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, na kutoka mle alichokiona ni sakafu peke yake. Vigae vyeupe, kimoja kimepasuka pembeni. Daktari na muuguzi walivaa aproni nzito za kuzuia mionzi. Mkono wa mashine ulizunguka juu ya mgongo wake ukiunguruma. Wakampaka dawa ya baridi kiunoni, ikafuata sindano fupi ya ganzi, ikamchoma, ikapoa. Kisha ikaingia ile ndefu. Haikuuma sana. Alihisi kitu kinasukuma, kinasimama, mashine inalia kidogo, kinasukuma tena.

"Vipi, baba?"

"Salama, daktari."

"Vizuri. Nasogea kidogo."

Mara shoti. Ilitoka kiunoni ikafyatuka mpaka kidole gumba, na kidole kikajikunja chenyewe chini ya shuka. Akauma meno. Macho yalimtoka, akakitazama kile kigae kilichopasuka kana kwamba kitamsaidia.

"Unasikia chochote mguuni?"

"Salama tu."

Hata yeye alishtuka kulisikia. Hakuwa amepanga kulisema. Lilitoka lenyewe, kwa mazoea, na sasa akamsikia daktari akimwambia muuguzi amsogezee bomba la dawa. Alijua sasa hivi, hapa, mguu wake unaharibiwa na mdomo wake mwenyewe. Alitaka kupiga kelele na sauti haikuja. Alitafuta neno la kuanzia, lolote, akakuta kinywani mna moja tu.

"Salama," akasema tena, kwa sauti ya mtu anayezama, "ila…"

Mkono wa daktari ukasimama. Naye alikuwa amelelewa vivyo hivyo. Alijua kinachokaa nyuma ya ila.

"Ila nini, baba?"

"Ila mguu unaungua! Mpaka kidoleni! Toa, daktari, toa!"

Sindano ikarudishwa nyuma, na moto ukazimika palepale. Daktari alishusha pumzi ndefu. Hakumgombeza. Alianza upya, polepole, na safari hii kila alipouliza, alimwambia, "Usinijibu salama. Nipe ila peke yake." Mwishowe dawa ikaingia bila shoti.

Walimpumzisha chumba cha pili, mkewe kando yake. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mguu utakuwa mzito kwa muda kwa sababu ya ganzi. Aliambiwa, akasikia, lakini alipotaka kuusogeza ukakataa, na shemeji wa fundi bomba akamrudia akilini na mguu wake wa kuburuta.

"Vipi?" mkewe akauliza.

Alifungua mdomo, neno likaja mbio kama kawaida yake. Akalimeza.

"Naogopa, mama watoto. Mguu siusikii. Naogopa sana."

Mkewe akahamia miguuni, akafunua shuka, akakishika kile kidole gumba, akakifinya.

"Hapa?"

"Hapana."

Akangoja, akafinya tena. Hapana. Waliendelea hivyo mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakapewa ruhusa na wengine wakaletwa. Fundi alifumba macho, machozi yakipita pembeni mwa uso wake bila kujificha.

"Hapa?"

"Aa! Unaniumiza!"

Mkewe hakukiachia kidole.

"Sema tena," akamwambia.