Fundi wa Minara Ajifunza Kuruka Ameketi

Wenzake kazini walimwita Ngedere, na jina hilo halikumuudhi hata siku moja. Kwa miaka kumi na tisa alipanda minara ya simu, spana kiunoni, na kila akifika juu alipiga mluzi kuwajulisha walio chini. Kisha siku moja, wala si mnarani bali kwenye ngazi tatu za mlango wa stoo, akateleza. Goti likavunjika vibaya. Daktari akamwambia kutembea atatembea, hata kucheza atacheza, ila kupanda asahau.

Miezi minne alikaa sebuleni akigombana na redio. Mkewe alivumilia, mpaka alipomkuta anapanga upya masufuria yake. Hapo akampigia simu mdogo wake.

"Njoo umpe shemeji yako shughuli. Mwenzio yamenifika shingoni."

Huyo mdogo mtu alikuwa mpiga video za harusi, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Alikuja na laptopu iliyovunjika bawaba moja na rimoti yenye vijiti viwili.

"Shemeji, leo unaanza shule."

"Shule gani na mvi zote hizi?"

"Ya urubani. Kaa hapo."

Kwenye laptopu kulikuwa na programu ya mazoezi: uwanja wa kuchorwa, magogo, mageti, na droni ndogo unayoiendesha ukiona inachokiona yenyewe, kana kwamba umepanda puani mwake. Droni nyingi, shemeji alimweleza, ukiachia vijiti hujisawazisha zikatulia hewani. Hii haikuwa na msaada huo. Ukiilaza, inabaki imelala mpaka uinyanyue mwenyewe.

"Haikusaidii kitu," akasema, "lakini pia haikubishii."

Safari ya kwanza ilidumu sekunde nne. Ya pili, tatu. Siku hiyo aligonga ardhi mara sitini na mbili, mkewe akihesabu kwa sauti kutoka jikoni. Mwishowe kichwa kikamzunguka, akatangaza kwamba mchezo huu ni wa vichaa.

Shemeji alikuwa akitazama mikono yake, si kioo. "Unakamata vijiti kama unaning'inia. Utaanguka wapi nawe umekaa kwenye kochi?" Akampanga vidole upya, akamwambia asukume kidogo, kidogo hadi aone aibu. Na wiki nzima hakumruhusu kwenda popote: aelee tu mbele ya gogo moja, kimo cha mtu. Ngedere alinung'unika, ila alitii. Hata mnarani, wiki ya kwanza alifundishwa kufunga mkanda tu.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu, akapita getini. Hakuamini. Akageuza, akapita tena.

"Mama watoto! Njoo uone!"

Mkewe akaja na mwiko mkononi, akalitazama geti likija na kupita, likija na kupita. Akamshika bega. "Unapiga mluzi," akamwambia taratibu. Mwenyewe hakuwa amejisikia.

Baadaye shemeji akamwazima droni ya kweli na miwani yake ya video. Ngedere akavunja mapanga matano ya droni hiyo kwenye kiwanja kitupu, akayabadilisha mwenyewe, akaendelea. Ndipo kampuni moja ya kuhifadhi nafaka ikatafuta mtu wa kukagua kihenge cha chuma kilichokuwa kitupu. Droni za kawaida, zinazojiongoza kwa satelaiti, zilikuwa zikipotea mwelekeo humo ndani. Walimuuliza shemeji kwanza, naye akawajibu, "Mimi najua maharusi. Anayejua chuma ni mume wa dada yangu."

Ngedere alipofika kwenye kihenge, alimkuta mpandaji mmoja amekwishavaa mikanda yote, anasubiri apande iwapo droni itashindwa. Walisalimiana kifundi, kwa kutazamana vifaa. Ngedere akaketi juu ya kreti, akavaa miwani, akaipandisha droni polepole sambamba na ngazi ya ukutani. Karibu na paa akaisimamisha. Kutu ilikuwa imekula boliti za vipandio vya mwisho. Ngazi imeachana na ukuta, kidole kinapita.

Mpandaji aliitazama video hiyo mara mbili. Kisha akafungua mikanda, mmoja mmoja, akakaa sakafuni.

"Hapo ndipo ningeshika," akasema. "Nina mapacha nyumbani. Hawajafika hata mwaka."

Ngedere aliiweka rimoti chini. Alitoa simu, akampigia shemeji. Upande wa pili ngoma zilikuwa zinalia.

"Shemeji, ahsante."

"Umevunja droni yangu?"

"Nzima kabisa. Nakushukuru tu. Na dada yako pia, aliyekuita." Akamsimulia yote, na ingawa bibi harusi alikuwa anaingia ukumbini, shemeji hakumkatiza.

"Hebu mpe huyo bwana simu nimsalimie," akasema shemeji mwishoni.

Ngedere akampa. Wale wawili wasiojuana wakaanza kucheka kama ndugu, na yeye, huku akichomoa betri na kukunja waya, akamshukuru Mungu kwa watu aliopewa.