Kabemba Fundi na Neno Rehani

Kabemba anashona nguo mtaani kwetu Manika, hapa Kolwezi, tangu alipokuwa na miaka kumi na tano. Mimi nimevaa nguo zake muda wote huo na ninaweza kusema kwamba kola zake zinakaa vizuri, mshono wake unaenda sawa, ila mifuko anaiweka juu kidogo. Nilimwambia. Akajibu kwamba mfuko wa juu hauibiwi.

Wateja wake wengi ni vijana wachimbaji, wale tunaowaita bacreuseurs. Wanamletea suruali zilizotoboka magoti, na vumbi la madini lililobaki ndani ya kitambaa linakula sindano. Sindano tatu kwa juma. Hanung'uniki. Ni mtu mfupi, hanywi pombe, na katika kwaya anaimba sauti ya nne ingawa Mungu hakumpa sauti ya nne.

Mwaka jana baraza la kanisa letu lilitafuta shemasi mmoja, kwa sababu wa zamani alikuwa amekufa. Shemasi kwetu ndiye anayebeba mkate na vikombe siku ya meza ya Bwana, anatembelea wagonjwa, anafungua kanisa asubuhi na kulifunga. Mshahara hakuna. Kabemba aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, na hakujua kuficha. Alianza kutembelea wagonjwa kabla ya kuchaguliwa. Wagonjwa wawili walilalamika kwamba anakuja sana.

Jina lake liliposomwa barazani, Tata Ruffin akasimama. Tata Ruffin ni mzee wa kanisa, alifundisha hesabu miaka thelathini, na akisimama hakai upesi.

"Kabemba ni mutoto muzuri," akasema. "Lakini baba yake ni Kalumba. Na mambo ya Kalumba bote tunajua. Dhoruba iling'oa paa ya nani peke yake mu avenue nzima? Ya Kabemba. Bibi ya nani alipoteza mimba mbili? Ya Kabemba. Bibilia inasema baba walikula zabibu kali, meno ya batoto yanakufa ganzi. Mi sikuandika."

Watu wakasema amina. Zabibu tunazozijua sisi ni zile za ndani ya keki, nazo ni tamu. Hakuna aliyeuliza zinaweza kuua meno namna gani. Angesema masuku mabichi, matunda yetu ya porini, tungemwelewa vizuri zaidi.

Mambo ya Kalumba ni haya. Mwaka wa 1993, watu waliotoka Kasai walipofukuzwa hapa Kolwezi, jirani yetu Mama Mbombo aliondoka na watoto wake kwenda kungoja treni kwenye gare, kama wenzake wote. Alikuwa mshonaji. Jioni ya siku ile mashini yake ya kushona, ile ya miguu ya chuma, ilikuwa ndani ya nyumba ya Kalumba. Kalumba alisema Mama Mbombo amemwachia aitunze. Hakuna aliyebisha. Miaka ikapita, mke wa Kalumba akashonea juu yake, kisha mtoto wao Kabemba akajifunza juu yake, na Kalumba mwenyewe akafa kitandani kwake, mzee wa miaka themanini na moja, ameshiba, watoto wamemzunguka. Hilo ndilo lililowasumbua watu. Walimngoja Mungu afanye kitu, na kwa kuwa kwa baba hakufanya, wakahesabu kwamba atafanya kwa mtoto.

Pasta wetu Edouard ni kijana, ametoka Musumba, na mambo ya mwaka ule hakuyaona. Lakini Bibilia amesoma. Akamwambia Tata Ruffin kwa upole kwamba maneno ya zabibu yamo kweli katika kitabu cha nabii Ezekieli, ila si Mungu anayeyasema. Ni watu waliokuwa wakiyasema, na Mungu anawakataza wasiyaseme tena.

"Anabakataza?" Tata Ruffin akauliza.

"Anabakataza, tata."

"Basi mi nilisoma nusu."

"Jumapili tutasoma nusu ingine," pasta akasema. "Kabemba mwenyewe atasoma."

Akampa mistari minne tu. Mistari minne ilitosha: kwamba kila roho ni ya Mungu, ya baba na ya mtoto, na kwamba atakayekufa ni yule aliyetenda dhambi, si mwingine. Kabemba alisoma vizuri, kwa sauti ya nne. Mstari wa nne ulipoisha alimtazama Tata Ruffin. Tata Ruffin alitazama dirisha.

Hapo angekaa. Lakini mtu akishinda hataki kukaa. Kabemba akageuza ukurasa akaendelea. Nabii sasa alikuwa anaeleza mtu mwenye haki ni mtu gani, jambo moja baada ya jingine: haabudu sanamu, haendi kwa mke wa jirani, anarudisha rehani. Kabemba akasimama pale.

"Pasta, samahani. Rehani ni nini?"

Pasta alisoma masomo yake kwa Kifaransa. Akaanza kufungua Bibilia yake ya Kifaransa, nayo ilikuwa na maandishi madogo. Watu wakakohoa. Mimi nakaa benchi la kwanza. Nilimaliza darasa la sita kwa wamisionari, nikiwa wa pili katika watoto arobaini, na Kiswahili cha kitabu nilifundishwa kwa fimbo. Nikasema, bila kusimama:

"Rehani ni kitu cha mutu mwingine chenye kuwa mu nyumba yako. Unakichunga. Ni chake."

Watu wakageuka kumtazama Kabemba. Hata watoto. Kabemba aliangalia kitabu kwa muda, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa jina lake.

"Asante, mama," akasema, akakaa. Mistari iliyobaki hakuisoma.

Jumatatu alikuja kwangu kabla sijaweka maji motoni. Hakuketi.

"Mama Laurentine, baba alisemaga Mama Mbombo alituachia ile mashini."

"Alisemaga vile."

"Nyumba yenu iliangaliana na yake. Aliiacha?"

"Hapana. Ilivutwa mu mikono yake."

Akaifikiri mikono ile.

"Mi nilikuwa na miaka tisa."

"Ninajua. Njo weye ulibeba kiti kidogo cha mashini, ulitembea nyuma ya baba yako. Ulikuwa mutoto, haikuwa zambi."

"Na leo?"

"Leo uko na miaka makumi ine na moja."

Hakuniuliza mimi siku ile nilifanya nini. Ana adabu.

Mama Mbombo alifariki mwaka uleule, njiani. Lakini binti yake Huguette alirudi zamani huku upande wetu, akaolewa na mtu wa reli, wanakaa Kasaji. Jambo hilo mtaa mzima unalijua. Kabemba naye alikuwa analijua, kama unavyojua paa linavuja mahali usipolala. Alhamisi akaifungua mashini vipande viwili. Miguu ya chuma akaipeleka kwa kamyo, lori la mihogo. Kichwa cha mashini akakifunga katika blanketi, akakipakata nyuma ya pikipiki siku mbili. Mke wake alimwuliza watakula nini. Alisema hajui. Mke akasema ni vizuri kuolewa na mtu anayejua Bibilia.

Yaliyotokea Kasaji aliyaeleza mwenyewe barazani baadaye, na Huguette nimemwuliza kwa simu, na maneno yao yanalingana.

Huguette alikuwa anaanika mihogo. Kabemba akasema jina lake na jina la baba yake. Huguette akaendelea kuanika mpaka kapu likaisha. Kisha akafungua blanketi.

"Kisanduku ya bobini iko wapi? Mama alikuwa na bobini kumi na mbili."

"Ilipotea zamani. Zimebaki tatu."

Akazungusha gurudumu. Likaenda laini.

"Umeichunga."

"Ni kazi yangu."

"Ni kazi ya mama yangu," Huguette akasema. "Baba yako alikufa namna gani?"

"Ku kitanda yake. Muzee."

"Bon. Yee iko kwa Mungu, bataongea. Weye njo uko hapa. Unangoja nikuambie asante?"

"Hapana."

"Ni vizuri. Kula bukari, utalala, kesho utarudi."

Alikula bukari, ugali wetu, na samaki mkavu, akalala, kesho yake akarudi. Huguette hakumwambia amesamehewa, naye hakuomba. Aliporudi alikwenda kwa Dady, fundi wa karibu na soko, akakubaliwa kushonea mashini ya Dady saa ambazo Dady analala, na Dady, tushukuru, analala sana.

Juma lililofuata pasta Edouard alikuja kwangu na kamusi chini ya kwapa.

"Mama, ile neno. Rehani si kitu cha kuchungia mutu. Ni kitu unashika juu mutu anakopa kwako. Akilipa, unamurudishia. Ile ya kuchungia mutu ni amana."

Nikamwuliza kamusi yake imechapwa wapi. Akasema Dar es Salaam. Nikasema ni mbali.

"Lakini Mama Mbombo hakukopa kitu kwa Kalumba," pasta akasema. "Ile mustari haikumuhusu Kabemba hata kidogo."

Nilikuwa nimesoma mistari iliyobaki. Nikamwonyesha kwa kidole. Mara baada ya rehani nabii anasema mwenye haki hakumnyang'anya mtu kwa nguvu, na hilo halina haja ya kamusi. Pasta akafunga kamusi, akanywa chai.

Baraza likakaa tena, nasi tukakaa nyuma kusikiliza. Tata Ruffin alikuwa amepata kwa pasta habari ya mashini kurudishwa, akaileta kama mtu anayeleta nyoka kwa fimbo.

"Sasa naona mambo mbili," akasema. "Ya kwanza: Kabemba amerudisha mashini, maana amekubali ilikuwa ya wizi. Miaka yote amekula mu kitu ya wizi. Ya pili: sasa hana mashini, hana kazi ya nguvu, bibi analia. Hiyo si azabu ya baba yake? Mungu amemufikia."

"Mungu hakuchukua mashini, tata," Kabemba akasema. "Mi mwenyewe nilibeba. Magoti ingali inaniuma."

Watu wengine wakacheka. Tata Ruffin hakucheka.

"Na kama Mama Mbombo aliiacha kweli? Nani aliona?"

Hapo nikasimama, kwa sababu jibu la swali lile alikuwa nalo mtu mmoja tu. Nikasema: mimi niliona. Nilikuwa mlangoni kwangu na besani ya sombe, majani ya mihogo. Mama Mbombo alishika meza ya mashini upande mmoja, Kalumba upande mwingine. Kalumba akavuta. Mama Mbombo alinitazama. Nikaingia ndani kupika sombe.

"Na ulinyamaza miaka makumi tatu?" Tata Ruffin akauliza.

"Makumi tatu na mbili."

"Juu ya nini?"

"Mwanzo niliogopa. Kisha hakuna mutu aliniuliza. Kisha bibi ya Kalumba alishonaga vizuri, na mutoto wake anashona vizuri kupita yee, nami nilitaka nguo. Nilikuwa na miaka makumi ine na mbili, tata, si tisa. Kama baraza inatafuta mutu wa ile siku, Kalumba alikufa, Kabemba alikuwa mutoto. Nabaki mi."

Sikusema hivyo ili wanihurumie, na hawakunihurumia. Tata Ruffin naye anakaa avenue ileile. Sikuuliza yeye siku ile alikuwa anapika nini. Akakaa chini bila kumaliza, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Kura zilipigwa kwa vikaratasi. Saba zilimkubali Kabemba, mbili zilimkataa. Kisha wakazungumza habari yangu, nikiwa nje, na pasta akatoka kuniambia. Niliwekwa chini ya adabu ya kanisa miezi sita: sisomi mbele ya watu, siongozi maombi ya bamama, sishiriki meza ya Bwana. Alisema kwa aibu, akitazama viatu. Nikamwambia aseme kwa nguvu, mimi sisikii vizuri upande wa kushoto.

Kabemba aliwekewa mikono Jumapili ya pili ya mwezi wa saba, na siku hiyohiyo ilikuwa ya meza ya Bwana. Pasta alimpa upande wetu wa bamama. Alianza na benchi la kwanza, kama inavyotakiwa, na mtu wa kwanza wa benchi la kwanza ni mimi. Ningeweza kukaa nyuma miezi ile. Sikukaa nyuma.

Akafika mbele yangu na sahani. Akaninong'oneza bila kusogeza midomo:

"Mama, nifanye nini?"

"Unajua," nikasema.

Kisha akanipita, akampa jirani yangu, na akaenda hivyo mpaka mwisho wa benchi, bila kumruka mwingine na bila kumwaga kitu. Aliifanya vizuri kazi yake.