Seli Zenye Pembe

Nilisoma sekondari ya wasichana Masasi miaka ile ya soko huria, maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Nyumbani Chilangala, wilayani Newala, mjomba wangu alikuwa ameshageuka wakala wa wanunuzi binafsi wa korosho. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, na kauli yake ilikuwa hii: nisipochaguliwa kuingia darasa la sayansi, nirudi nyumbani nikasimamie mzani wake.

“Mpwa wangu, siku hizi ni biashara tu,” aliniambia. “Hao vyura wenu wa sayansi watakupa nini?”

Nikainamisha kichwa kwa heshima. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumjibu, tena vibaya.

Aliyechagua wa kwenda sayansi alikuwa mwalimu wa biolojia, na safari ile alituchuja kwa mchoro mmoja: yai la chura linavyobadilika kuwa kiumbe. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, tukachota mayai kwenye dimbwi nyuma ya jiko la shule. Hadubini ilikuwa moja, na umeme hakuna. Chini yake kulikuwa na kioo cha kuelekeza mwanga wa jua juu, upite ndani ya kitu unachokitazama. Yai la chura ni jeusi na nene, mwanga haupiti. Kila aliyeinama aliona doa jeusi, akarudi kwenye dawati akanakili mchoro wa kitabuni, viduara vimepangwa kama machungwa sokoni.

Mimi nilikasirika. Nimetoka Newala kote kule nije kunakili machungwa?

Nilikuwa na kioo cha mfukoni, zawadi ya mjomba huyo huyo kutoka kwenye biashara zake. Matroni alivipiga marufuku vioo bwenini, eti vinatuharibu, kwa hiyo changu kilikaa ndani ya soksi. Nikakitoa mbele ya darasa zima. Nikasimama dirishani, nikalidaka jua na kulimwaga juu ya yai badala ya chini yake. Wenzangu wakaguna. Nikainama.

Seli hazikuwa duara. Zilikuwa zimebanana mpaka zimeota pembe, na kila moja ilimsukuma jirani yake. Upande mmoja palikuwa na mstari mweusi, ngozi ya yai ilikuwa inaanza kuzama ndani. Seli za pale zilikuwa zimejikaza mpaka uso wao wa nje ukawa mdogo kabisa, na zilizozizunguka zilikuwa zinavutwa, zimerefuka kuelekea kwenye ule mkunjo. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Kitu kidogo kiasi kile kilikuwa kinajikunja chenyewe ili kiwe na tumbo, bila kumwomba mtu ruhusa. Nikachora nilichokiona.

Mwalimu alipita na penseli yake nyekundu. Akasimama kwangu.

“Hizi pembe umezitoa wapi, binti?”

“Kwenye yai, mwalimu.”

“Futa.”

“Njoo utazame kwanza, mwalimu.”

Nilidhani atanipiga, lakini alikuja. Nikamshikia kioo, akainama, akakaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliporudi wima uso wake ulikuwa umelainika, na nikaanza kufurahi.

“Ni kweli,” alisema, kwa sauti ya chini. “Zina pembe. Sasa futa. Mtihani unataka ya kitabuni.”

Hapo ndipo hasira ilinipanda kikweli. Kama angekataa kuona, ningemhurumia. Michoro ya biolojia huchorwa kwa penseli, ndiyo sheria, ili makosa yafutike. Nikachukua kalamu ya wino nikapitia mistari yangu, pembe moja baada ya nyingine, naye amenisimamia.

“Haifutiki tena, mwalimu,” nikasema.

Alinipa sifuri. Majina ya sayansi yalipobandikwa, langu halikuwemo, na mjomba akatuma gari la korosho lije kunichukua. Nilimwamkia dereva, nikamwambia arudi na mizigo yake. Kisha nikaingia darasa la sayansi, nikavuta kiti mpaka mbele kabisa, chini ya pua ya mwalimu, nikakaa. Alianza kuita majina. Alipomaliza, nikasema, “Nipo.”