Mate ya Gharib

Mume wangu Gharib alikuwa mtu wa kutema mate. Nalisema mapema ili msije mkadhani nasimulia habari za mtu mstaarabu. Kinanda kikipigwa wimbo uleule uliopigwa harusi iliyopita, na harusi iliyoitangulia hiyo, mume wangu aliinuka katikati ya wageni, akatoka hadi kwenye mgomba wa kwanza, akatema, akarudi kukaa kama mtu aliyetoka kutawadha. Mimi ndiye niliyebaki nikiomba radhi kwa macho.

Tulikuwa watu wa maduka pale Bugene, miaka ile ya Mjerumani. Baba zetu walitoka pwani na misafara kutafuta pembe za ndovu, wakafika Karagwe, wakakuta migomba, wakakaa. Sisi watoto wao tuliuza kaniki, shanga, chumvi na sindano. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba kumi na moja, na kila nyumba ilijiona ndiyo Pangani yenyewe. Senene, wale panzi wanaoliwa na wenyeji, hatukula mbele ya watu. Tuliwala jikoni, mlango umefungwa, kisha tukasukutua.

Duka letu lilijulikana, lakini si kwa kaniki. Gharib alibeba nguo kwenda kuuza Ihanda, Kanoni, hata kule Kyerwa, na aliporudi nguo zilikuwa zilezile na masikio yamejaa. Ihanda alimkuta mhunzi ambaye mivuo yake miwili ya kuvuvia moto ilipumua kwa sauti mbili, na mkewe akaimba juu ya hizo mbili. Gharib alikaa hapo siku nzima, hakuuza hata doti moja. Kanoni alimgundua mama mmoja aliyesukasuka maziwa kwenye kibuyu huku akimsimanga mkwewe kwa wimbo, kibuyu kikimwitikia. Alijua kijana gani wa kuchunga ana filimbi yenye ufa unaofaa. Alijua ni mchukuzi yupi wa Kinyamwezi anayeimba vizuri akiwa na mzigo na vibaya akiwa hana.

Watu walimjia dukani. "Bwana Gharib, kuna nini kipya?" Naye alikutazama kwanza kama tabibu anayetazama ulimi. "Wewe umezoea vitamu mno," angesema. "Nenda Ihanda kwa mhunzi. Kaa upande wa mivuo, usiseme neno mpaka chuma kipoe. Kasikie mwenyewe." Walikwenda wakinung'unika. Wengine walirudi wamekunja uso. Mmoja alimwambia, "Bwana Gharib, umenituma nikasikilize kibuyu cha maziwa?" Akajibiwa, "Kibuyu hakikukosea hata mara moja. Wewe kwenye maulidi ya juzi ulikosea mara nne." Lakini wiki iliyofuata ungemwona mtu huyohuyo anapita kwenda Kanoni, amejifanya anatafuta ndizi.

Mimi nilichukizwa na mambo hayo yote. Nyumba yangu ilinuka ngozi za mbuzi na miguu ya wapiga filimbi. Hata santuri ilipofika Bukoba, kwenye duka la Mhindi mmoja, na watu wakatembea siku nne kwenda kuistaajabia, mume wangu aliisikiliza mara moja tu akatoka nje kutema. Nikamuuliza ina kasoro gani. "Mtu yule anaimba hajui nani anamsikiliza," akasema. "Atajibiwaje?" Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa.

Kasoro yake yeye ilikuwa moja. Masikio yale yaliyosikia ufa wa filimbi hayakusikia habari za watu. Umbea ulimpita kando. Ndiyo maana jambo alilolijua kila mwanamke wa mtaa ule, Gharib hakulijua.

Jambo lenyewe lilikuwa la Bi Mwanahalima, mke wa Othman, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Othman aliwaambia watu kuwa mkewe ni binti wa mfanyabiashara wa Pangani aliyefia njiani, Tabora. Uongo mtupu. Mwanahalima alizaliwa Rugera, katika ukoo wa Basita, na jina lake lilikuwa Kokugonza. Othman alimwoa, akampa jina, akamfundisha kuvaa na kusema kama sisi, akampiga marufuku kutamka hata neno moja la Kinyambo. Miaka ishirini. Ndugu zake walikuja mara moja na mikungu ya ndizi, wakapokelewa mlango wa nyuma kama wachuuzi, wasirudi tena. Sisi wanawake tulinyamaza, kwa maana kila mmoja wetu alikuwa na lake jikoni. Na mimi nilikuwa shoga yake. Senene tulikula chungu kimoja.

Basi binti yao wa pekee, Mwaja, akachumbiwa. Mzee Ramadhani wa Bukoba alimtaka kwa mwanawe. Mzee huyo alikuwa na maduka mawili na pua ndefu, na aliuliza nasaba ya bibi harusi mara tatu, kwa baba na kwa mama. Mara zote tatu Othman aliapa: pwani kwa pwani. Nikaha ikapangwa Ijumaa. Alhamisi, baada ya alasiri, wageni wa Bukoba wangekula kwa Othman, na Othman alitaka wale huku wameduwaa.

Akaja dukani. "Bwana Gharib, nataka kitu ambacho Bukoba hawajakisikia."

Mume wangu alikuwa ametoka Rugera siku hizo, na tangu arudi alikuwa kama mtu mwenye homa. "Ninaye," akasema. "Anaitwa Byabato. Anapiga nanga." Nanga ni ubao uliochimbwa kama chano, wenye nyuzi za mishipa ya ng'ombe, na wapigaji nanga Karagwe ni wengi kama migomba. Othman akakunja uso. "Nanga tu?"

"Huyu anaacha pengo," Gharib akasema. "Anamwimbia mtu ukoo wake, halafu katikati ananyamaza, nyuzi tu zinakwenda. Anayeimbiwa ndiye anayejaza, kwa majigambo ya kwao. Nusu ya wimbo iko kwake, nusu iko kwako. Ndivyo nilivyomsikia Rugera. Bwana Othman, miaka kumi na mitano natafuta, sijasikia kitu kama hicho."

Othman hakusikiliza zaidi ya hapo. Alisikia "miaka kumi na mitano" akaridhika. Mimi nilikuwa napima chumvi, nikasikia "Rugera" na nikasikia "ukoo". Ningeweza kusema. Sikusema, kwa sababu nilikuwa nimechoka na habari za nanga, nikaona wacha wapige wamalize.

Jikoni kwa Mwanahalima, Jumatano, aliniuliza polepole, "Shoga, ni kweli anatoka Rugera?"

"Ndivyo wanavyosema."

Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema mpiga nanga haanzi na kinywa kikavu. Kwao hupewa rubisi. Nyumba ya Othman haina pombe. Basi apewe kahawa ya kutafuna. Sisi wa pwani kahawa tunaikaanga, tunaitwanga, tunainywa. Wao huchemsha buni mbichi na majani ya kunukia, wakaianika, wakaitafuna, na sisi tukiona tunageuza uso. Nikamwambia hakuna wa kuipika. Akainama nyuma ya mtungi wa unga, akatoa kikapu kidogo chenye kifuniko. Ilikuwa tayari, imekauka vizuri.

"Nani atajua?" akasema.

Alhamisi wanaume walikaa barazani juu ya mikeka. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la mlango. Byabato aliingia, kizee kidogo, jicho moja linatoka maji, amejifunga ngozi ya mbuzi iliyokuwa na harufu ya mbuzi mwenyewe. Mzee Ramadhani alijiziba pua kwa kitambaa. Wenzake wakafuata, mmoja baada ya mwingine, vitambaa puani, na hakuna aliyeitikia salamu ya yule mzee. Nami nilifurahi kuwa niko nyuma ya pazia.

Akapewa kikapu. Akatafuna. Akaacha, akatafuna tena.

"Waitu, mabwana," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "kahawa hii kapika mtu wa kwetu."

Othman akacheka. "Kahawa ni kahawa, mzee. Piga."

"Hapana, bwana. Majani haya yanachumwa bondeni, Rugera. Wanaoyatia ni Basita, wengine hawayapendi. Niko na mwenzangu humu ndani. Nitamwimbia yeye."

Gharib alijipiga goti kwa furaha. Maskini, alidhani ni bahati.

Byabato akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, mbaya hasa, ya mtu anayekuna sufuria. Nami niliyezoea kuchukizwa nilijiandaa kuchukizwa. Lakini nyuzi zilikuja chini yake zikaibeba. Aliwataja Basita, kilima kwa kilima, wafu kwa majina. Kisha akanyamaza. Nyuzi zikaendelea peke yake, zikingoja.

Hakuna aliyejibu. Nyuma ya pazia mkono wa Mwanahalima ulikuwa umeshika wangu.

Akarudia, akaacha pengo tena. Nilijua, na yeye alijua: akijibu, Ijumaa hakuna nikaha. Mwaja alisimama mbele yetu na hina yake mbichi mikononi, akitikisa kichwa. "Mama, usifanye," alisema kwa midomo tu.

Mara ya tatu nyuzi zilingoja zaidi. Mwanahalima akaniachia mkono, akaweka chini sinia aliyoishika mkono wa pili, akapita pazia. Akasimama kizingitini akajibu. Hakupaza sauti. Alijitaja Kokugonza, akamtaja baba yake, na baba wa baba yake, na ng'ombe wao, na kilima chao, kwa Kinyambo kilichotoka bila kukwaruza hata mahali pamoja. Mtu hawezi kunyamaza miaka ishirini kisha akasema hivyo. Nadhani alikuwa akijisemea kila siku jikoni, na mimi nikikaa hatua mbili kutoka kwake.

Alipomaliza, Gharib alikuwa analia. Peke yake. Waliobaki walikuwa na nyuso za watu waliotafuna jiwe kwenye wali.

Mzee Ramadhani akashusha kitambaa. "Bwana Othman, mama huyu ni nani?"

Othman hakumtazama mkewe. "Huyo? Huyo ni mpishi wetu."

Nilisikia Mwaja akivuta pumzi. Kisha akainamia hina yake, akaipuliza ikauke.

Mzee Ramadhani hakuwa mjinga. Alimtazama yule mama, akaliona umbo la uso, na uso huohuo alikwisha kuuona kwa bibi harusi. Lakini alikuwa amekwisha kuwaalika watu Bukoba nzima, na alitafuta mlango wa kutokea. Akageukia pazia. "Bi Zuena, uko hapo? Wewe ni mtu mzima wa mtaa huu. Huyu ni mpishi?"

Mwanahalima akageuka kunitazama penye mwanya wa pazia. Macho hayakuniomba kitu. Yalingoja tu, kama zile nyuzi.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ni mpishi."

"Basi ana sauti nzuri," akasema Mzee Ramadhani. "Leteni pilau."

Pilau ikaletwa. Mwanahalima mwenyewe ndiye aliyeileta. Watu wale waliojiziba pua walipeleka mikono kwenye sinia, wakasifu nyama, wakalamba vidole, na Othman akacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Nami nilikula. Ilikuwa tamu, nayo ladha hiyo inanichefua mpaka leo.

Gharib hakula. Alimsaidia Byabato kufunga nanga yake. Kisha akaja mpaka kwenye pazia, akalifungua, akatema mate sakafuni karibu na miguu yangu. Alikwisha kutemea vinanda, ngoma na santuri. Hadi siku ile hakuwa amemtemea mtu.

Ijumaa nikaha ilifungwa. Wageni waliambiwa mama wa bibi harusi anaumwa. Mwaja akaenda Bukoba. Jumamosi Mwanahalima alichukua kile kikapu chake cha kahawa, akashika njia ya Rugera, na Othman akawaambia wateja kuwa mpishi kafukuzwa.

Tangu hapo watu walipokuja dukani kuuliza, "Bwana Gharib, kuna nini kipya?" alijibu, "Kaniki." Wakidhani anatania, waliuliza tena. "Na chumvi," angesema. Hakumtuma mtu popote tena. Mhunzi wa Ihanda akafa bila mtu wa mtaa wetu kwenda kumsikia zaidi. Nyumba haikunuka ngozi tena, ikawa safi, na nikaichukia. Na mimi alinisemesha yale ya duka tu.

Baada ya mwaka nikamwambia, "Nipeleke Rugera." Hakuuliza kwa nini. Alifunga duka, tukaenda.

Uani palijaa watu. Byabato alikuwa na nanga yake magotini, na Kokugonza amekaa karibu naye juu ya majani. Kizee kiliacha mapengo yake, naye akayajaza. Mara nyingine aliyajaza kwa utani, watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. Gharib alifumba macho. Kwa mara ya kwanza nilisikia kile alichokuwa akikitafuta, nikajua nimechelewa.

Kisha kikapu kikazunguka. Gharib alichukua buni zake kwa mikono miwili. Kokugonza akafika kwangu. Nilitaka kusema neno, nililolipanga njia nzima. Alinitangulia.

"Karibu, Bi Zuena," akasema kwa kile Kiswahili chetu cha pwani. "Tafuna. Mpishi kajitahidi."

Uani kote wakanigeukia, wakingoja mgeni aonje. Nikatia mdomoni. Ilikuwa chungu, na ile harufu ya majani ikanipanda puani, kinywa kikajaa maji. Maganda ya kahawa hutemwa. Kila mtu pale alitema yake, hata Gharib. Mimi niliyameza.