Kiroba cha Tatu

Harufu ya muhogo uliomenywa sasa hivi, ile ya udongo na maji baridi, hunirudisha Nanganga, kando ya barabara, kwenye banda ambamo mama aliuza chai na mihogo ya kuchemsha. Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa msimu wa korosho, na wapakiaji wa magunia walifika mapema wakiwa na njaa. Mama hakumchagua mkulima kwa sura wala kwa undugu. Alimchagua kwa ulimi, na ulimi wenyewe ulikuwa wangu, kwa sababu wake ulishaharibiwa na tumbaku. Katika kila kiroba nilichomoa mihogo kadhaa, nikakata ncha, nikatafuna mbichi, nikatema, nikasubiri. Mitamu iliingia jikoni. Michungu ilirudi na mwenyewe akaanike makopa, mihogo mikavu ya kusaga unga, maana ukiichemsha hivihivi inalevya, na inaweza kuua.

Asubuhi moja Mama Somoe wa Lupaso, mama wa rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, aliteremsha viroba vitatu kwenye baiskeli. Nilionja viwili. Nilipokigusa cha tatu akacheka. “Rehema, jana umekula ugali kwangu, leo unanionja kama mpita njia?” Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Nikakifunga kiroba. “Yote mitamu, mama,” nikasema.

Sufuria ilikuwa inatokota Somoe alipopita kwenda shule, mikono bado ina udongo. “Kile kiroba cha mwisho nimejaza mimi peke yangu!” alijigamba. “Kule pembeni. Nimeruka mstari wa mpakani, ule mchungu wa kuwakomesha nguruwe.” Akaenda zake akirukaruka. Mimi nilibaki nikiutazama muhogo mmoja uliosalia kirobani. Nikauma ncha. Uchungu ukanishika koo kama mkono. Nyuma yangu wapakiaji walishakaa kwenye mabenchi, na mama alikuwa ameinua upawa.

“Mama, usipakue!”

“Ala! Mama Rehema, mwanao katumwa na banda la jirani?” mpakiaji mmoja akadakia, wenzake wakaangua kicheko. Mama hakucheka. “Ulionja, hukuonja?” Nikamwambia viwili tu. Akaipua sufuria, akamwaga mihogo yote shimoni, akafukia kabla kuku hawajafika. Wateja wakahamia banda la pili wakituzomea. Mimi nikatumwa kumwita Mama Somoe, ambaye hakuwa amefika mbali.

Alikuja. Mbele ya watu wote waliotutazama kutoka banda la pili, akauma muhogo wake mwenyewe uliosalia, akatema, akaketi chini. “Mwaka huu tulipanda mistari miwili mpakani,” alisema taratibu. “Sikumwambia mtoto.” Nilidhani ndiyo mwisho wake pale bandani. Mama akamkunjia viroba vyake. “Kesho lete kama kawaida, Mama Somoe. Rehema ataonja vyote, na wewe utasimama uone.”

Siku hizi nina mgahawa mdogo Masasi. Wakulima hunitumia picha za mihogo kwenye simu, imeoshwa, imepangwa, inameta. Hakuna picha yenye uchungu. Baadhi yao hununa ninapoomba kuonja, na nikiri kwamba haya ya siku ile bado hunipanda masikioni. Wiki iliyopita mwanamke mmoja wa Lupaso aliteremsha viroba vitatu mlangoni pangu. Alikuwa Somoe. Kabla sijafungua mdomo, alikifungua cha tatu, akanipa kisu.