Pikipiki Ndefu na Stuli ya Muuzaji

Juzi nilikuwa Buguruni, kwenye duka la pikipiki, natazama zile ndefu, zenye kiti cha juu, zinazofaa lami na njia mbovu. Kijana mmoja, aliyekuja na mama yake, alishachagua yake. Anafanya kazi Kipawa, anaishi ndani kabisa Gongo la Mboto, ambako kufika lami ni mchanga na madimbwi.

"Hii hata korongo inapita, braza," muuzaji alisema akipigapiga tangi.

Kijana akamgeukia mama yake. "Mama, jaribu kupanda. Si ndiyo itakayokupeleka kliniki?"

Mama akakaza khanga, akashika kiti, akainua mguu. Haukufika. Akajaribu tena, akaishia kucheka. Muuzaji akakimbilia ndani, akarudi na stuli. Mama akapanda, akakaa upande, ametulia kama bibi harusi.

"Umeona, mama?"

"Nimeona, mwanangu. Na kule kliniki wakati wa kurudi, stuli nitaikuta?"

Muuzaji akamsogezea stuli ashuke. Kijana akaulizia nyingine fupi, yenye matairi ya meno ya kushika mchanga.

Mie niliyekwenda kununua ndefu kuliko zote nikaaga taratibu. Madimbwi ya mtaani kwetu nimeyapima yote. Kimo cha mke wangu, miaka yote hii, sikijui.