Wifi ya Kigoma

Mtu asinionyeshe flashi. Hata leo nikiiona inaning'inia kwenye funguo za mtu, damu inanichemka.

Dada yangu Pascaline, ambaye mi namwita yaya kama Wakongomani wote wanavyomwita dada mkubwa, anapiga mashini nyumbani kwake Ruziba. Wanafunzi wanamletea mémoire zao za kumaliza chuo, zimeandikwa kwa mwandiko wa kuku, na yeye anazitoa safi mpaka mwenyewe anashangaa kama kweli ndiye aliyeandika. Kazi hiyo aliianza Uvira, parokiani, na mashini ile ya zamani ya ta-ta-ta. Vita vilipotuvusha mpaka kuja huku kwa Warundi, hakubeba sufuria wala godoro. Alibeba vidole vyake, ndivyo anavyosema, na anapenda kulisema mbele ya wageni mpaka linanichosha. Lakini ni kweli. Vidole hivyo ndivyo vilivyonisomesha mi na kaka yetu Mugisho.

Sebuleni kwake kuna kompyuta tatu, zote zilishachokwa na maofisi ya watu. Moja ya yaya, moja yangu, moja ya Dative, jirani yetu Murundi. Printa ni moja tu, na imefungwa kwenye ya yaya. Kwa hiyo kila ukurasa tuliopiga mi na Dative ulipanda flashi ukaenda kwa yaya. Na flashi haitembei peke yake, inabeba virusi kama mbwa anavyobeba viroboto. Siku moja tulifungua mémoire ya Audace, kijana anayesomea uuguzi, tukakuta sura ya tatu imegeuka vijialama visivyofunguka. Sura nzima! Yaya aliipiga upya huku machozi yanamdondokea kwenye klavye.

Audace alitakiwa kuikabidhi chuoni Ijumaa. Akichelewa, anarudia mwaka. Na flashi ilikuwa ile ile.

"Nikimuharibia mutoto wa watu mwaka wake," yaya akasema, "mi nafunga hii kazi. Nitaenda kuuza ndagala."

Yaya si mtu wa kutishia. Akisema atauza ndagala, dagaa hawa wa ziwani, kesho yake utamkuta na beseni kichwani.

Tukamwita fundi mmoja wa mjini. Akatazama sebule, akatutazama sisi, akasema tunahitaji wifi: abonema ya internet ya kulipia kila mwezi, antena juu ya paa, na mengine ambayo sikuyasikia kwa sababu nilikuwa nimeshamfungulia mlango. Pesa za antena tungezitoa wapi? Paa lenyewe linavuja.

Ndipo yaya akamtumia Mugisho ujumbe wa sauti. Kaka yetu anaishi Kigoma, anatengeneza injini za boti. "Mugisho, mudogo wangu," akamwambia, "tumechoka. Na sisi tunataka wifi hapa nyumbani. Kila mutu iko nayo, ni sisi tu hatuna. Fanya mupango."

Mugisho, ambaye kwa kawaida anajibu kabla hujamaliza kuuliza, alinyamaza mchana kutwa. Jibu lilipokuja, sauti yake ilikuwa chini kama ya mtu anayeungama kwa padri.

"Yaya, munisamehe. Nilijua siku moja mutaniuliza. Wifi iko, tangu mwaka jana. Nilikuwa naogopa tu kuwaambia. Basi natuma na boti, inafika Jumatano. Mupokee muzuri."

Tangu mwaka jana! Mwaka mzima kaka amekalia wifi, na sisi huku tunateseka na viroboto! Nilimwita mchoyo na majina mengine ambayo kanisani siwezi kuyarudia. Yaya yeye alifurahi tu. Akampigia Audace: "Tulia mwanangu, wifi inakuja Jumatano."

Jumatano tukashuka bandarini. Tulikuwa na Gélase, anayewatolea watu mizigo pale, na anaimba besi kwenye kwaya yetu. Akatoa kalamu sikioni.

"Wifi ya kutoka Kigoma. Sawa. Iko mu karton ao mu gunia?"

"Hatujui," yaya akasema.

"Kilo ngapi?"

"Gélase, we unatuuliza sisi? Uliza boti!"

Akaenda akipita katikati ya magunia, anapaza sauti ile ya besi: "Nani amebeba wifi ya Mama Pascaline? Wifi ya Mama Pascaline iko wapi?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa amekalia sanduku lake la nguo akasimama. Akanyoosha kitenge chake. "Ni mi," akasema.

"We ndiye umeibeba?"

"Apana, baba. Mi ndiye wifi. Bibi ya Mugisho. Naitwa Benite."

Gélase alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wa watu. Mi sikucheka. Nilikuwa na hasira mbili kwa mpigo: kaka ameoa kimyakimya bila hata kutuonyesha binti, na Ijumaa inakuja tuko na flashi ile ile. Mdomo wangu haujui kungoja. "Sisi tuliomba wifi ya mashini!" nikasema. "Ya mashini!"

Uso wa Benite ulisinyaa. Yaya alinifinya mkono, na yaya akifinya anafinya kweli, halafu akamkumbatia. "Karibu kwenu, wifi." Lakini neno langu lilikuwa limeshafika. Nyumbani Benite aliliacha sanduku lake karibu na mlango, hakulifungua, akaingia jikoni kusonga ugali kama mtu anayelipia kitanda.

Kesho yake asubuhi yaya alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, flashi mkononi, haichomeki wala haiweki chini. Benite akatokea kwenye mlango wa jikoni.

"Wifi, samahani. Hii wifi ya mashini, mulitaka muangalie nini mu internet?"

"Hatutaki kuangalia kitu," yaya akajibu, akininyooshea kidole. "Tunataka karatasi zitoke pale kwa Irène zije hapa kwangu."

"Pale mpaka hapa? Mu chumba kimoja?"

"Ee."

"Sasa internet ya nini? Ku dispensaire nilikuwa napokea wagonjwa. Mashini yangu na ya famasi zilikuwa zinaongea na kamba tu, internet hatukukuwa nayo. Kulikuwa kasanduku keusi, iko na matundu inyuma."

Tukatazamana. Halafu sote watatu, yaya, mi na Dative, tukageuza vichwa kuelekea kabati la vyombo. Juu yake, chini ya kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki, kilikaa kijisanduku cheusi alichotuachia mama mmoja wa Kinindo alipohama. Abonema yake ilishakwisha, kwa hiyo tulikihesabu maiti. Dative akakigeuza. Matundu manne.

"Mawe, mama yangu we!" akapiga makofi. "Kila Jumamosi nilikuwa napangusia vumbi rezo, mtandao wenyewe!"

Nyaya tulizipata kwa mtengeneza simu, zimetumika lakini nzima. Tukachomeka. Taa ndogo za kijani zikawaka, nikaanza kushangilia, wapi! Yangu na ya Dative zilionana, ya yaya haikuona mtu. Benite akakunja uso. "Mi nilikuwa natumia tu, sijafunga hata siku moja," akasema, na nilimpenda kwa kusema hivyo. Akampigia mwenzake wa zahanati ile. Kumbe mashini zote lazima ziwe na jina moja la kundi, kama jina la ukoo, na ya yaya bado ilibeba jina la ofisi iliyoitupa.

"Tuandike nini?" yaya akauliza.

"Andika WIFI," nikasema. "Tumeingoja vya kutosha."

Tukaandika WIFI kwenye zote tatu, tukazizima, tukaziwasha. Yaya akafungua dosiye ya pamoja. Sura niliyoipiga mi ilikuwa mle. Ya Dative ilikuwa mle. Akabonyeza, na printa ikaanza kukohoa karatasi. Nililia, sioni haya kusema. Nikaitupa flashi kwenye pipa la takataka na kulifunika.

Ijumaa Audace alichukua mémoire yake, akaikumbatia kama mtoto mchanga, akaenda. Sisi tukakaa tukiitazama simu. Ilipolia, sauti yake ilijaa sebule: "Mama Pascaline, wameipokea! Wameipokea!"

"Asante Mungu," yaya akasema, akavua viatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wazee walisema. Halafu akainuka bila viatu, akalishika lile sanduku mlangoni, akaliburuta mwenyewe mpaka chumbani na kulifungua. Nguo za Benite akazipanga kabatini, moja moja, upande wa zake. Benite alisimama pale na mwiko mkononi, anafuta macho kwa kiwiko.

Yaya akachukua simu, akamtumia Mugisho sauti.

"Mudogo wangu, wifi tumepokea. Iko ya nguvu, inashika mpaka jikoni. Usitume ingine."